Weupe Katika Mboni: Saratani ya Jicho kwa Watoto Wadogo na Miezi Inayopotea Njiani

Saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, ambayo kitabibu huitwa retinoblastoma, ni miongoni mwa saratani chache ambazo dalili yake ya kwanza huonekana kwa macho matupu, nyumbani, bila kipimo cha damu wala mashine ya picha, na ambayo ikitibiwa ingali ndani ya jicho humwacha hai karibu kila mtoto. Hata hivyo saratani hiyohiyo inaendelea kuua watoto wengi katika nchi maskini. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kinachomtenga mtoto atakayepona na mtoto atakayekufa ni, zaidi ya kitu kingine chochote, idadi ya miezi inayopita kati ya siku mama alipoona jambo geni katika jicho la mwanawe na siku mtoto huyo alipochunguzwa na daktari bingwa wa macho. Kwa mtoto wa kijiji cha Murangi, Musoma Vijijini, mkoani Mara nchini Tanzania, na wa vijiji vilivyopangana nacho katika barabara itokayo Musoma kuelekea Makojo na Busekela, miezi hiyo hupotea katika vituo vinne, navyo ni nyumbani, zahanati, njia ya rufaa, na kauli ya ndiyo au hapana ambayo familia huitoa mbele ya daktari.

Asili ya ugonjwa

Retina ni utando mwembamba ulioko nyuma ya jicho, unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa taarifa zinazopelekwa na neva ya macho hadi kwenye ubongo. Seli zake hugawanyika kwa kasi mtoto akiwa tumboni na katika kipindi cha mwanzo cha uhai wake, kisha hukomaa na kuacha kugawanyika, na hiyo ndiyo sababu ugonjwa huu huwapata hasa watoto walio chini ya umri wa miaka 5 na ni nadra mno kumpata mtu mzima. Kinachoharibika ni jeni iitwayo RB1, iliyomo katika kromosomu ya 13, ambayo kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike ovyo. Kila mtu hurithi nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, na saratani huanza pale nakala zote mbili zinapoharibika ndani ya seli moja ya retina. Maelezo haya ya mapigo mawili yalitolewa mwaka 1971 na Alfred Knudson wa Marekani, aliyechambua kumbukumbu za wagonjwa 48 tu, na yalithibitika mwaka 1986 jeni yenyewe ilipopatikana, ikawa jeni ya kwanza ya kuzuia saratani kutambuliwa na wanasayansi.

Kwa watoto wapatao 4 katika kila 10 wenye ugonjwa huu, nakala moja huwa imekwisha kuharibika katika seli zote za mwili tangu mimba ilipotungwa, kiasi kwamba pigo moja zaidi linatosha kuanzisha saratani. Watoto hawa mara nyingi huugua macho yote mawili, na huugua mapema, aghalabu kabla au karibu ya kutimiza mwaka mmoja. Kwa wale 6 waliobaki, mapigo yote mawili hutokea kwa bahati mbaya katika seli moja, jicho linaloathirika huwa moja, na dalili huonekana mtoto akikaribia miaka 2. Ni muhimu ieleweke kwamba hata katika kundi la kwanza, watoto wengi ndio wa kwanza kuugua katika ukoo wao, kwa hiyo familia inayosema kwamba kwao hakuna aliyewahi kuwa na maradhi hayo haijapata hoja ya kuondoa shaka. Vilevile haijathibitika kwamba ugonjwa huu huletwa na maziwa ya mama, chakula alichokula akiwa mjamzito, moshi wa jikoni au vumbi la barabarani, na wala hakuna jirani wa kushukiwa.

Ugonjwa huu ni adimu, na uadimu wake ni sehemu ya hatari yake. Utafiti uliofanyika nchini Kenya ulikadiria kwamba hutokea kwa mtoto 1 katika kila vizazi hai 17,030, kiwango kinacholingana na kile cha mabara mengine. Kwa Tanzania, ambako watoto wanaozaliwa kila mwaka wanazidi milioni 2, hesabu hiyo inaleta takriban wagonjwa wapya 120 au zaidi. Kwa Mkoa wa Mara, ambao Sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu wapatao milioni 2.4, inaleta watoto wachache tu, pengine 5 au 6 kwa mwaka, wilaya zote zikijumlishwa. Maana yake ni kwamba muuguzi wa zahanati katika Bukima au Bwasi anaweza kufanya kazi kuanzia ajira yake ya kwanza hadi kustaafu asikutane na mtoto hata mmoja wa aina hii. Uzoefu, ambao ndio mwalimu wa kawaida wa mhudumu wa afya, hauwezi kumsaidia hapa. Kinachoweza kumsaidia ni kanuni iliyoandikwa, anayoifuata hata asipojua jina la ugonjwa.

Dalili na namna ya kuzisoma

Dalili kuu ni weupe unaoonekana ndani ya mboni, yaani katika kile kiduara cheusi cha katikati ya jicho. Jicho zima, mwanga ukiingia na kurudi moja kwa moja, hurudisha rangi nyekundu au ya chungwa itokanayo na mishipa ya damu iliyoko nyuma ya retina. Kwa watoto wenye ngozi nyeusi rangi hiyo huwa imefifia kidogo kwa sababu ya wingi wa rangi asilia ndani ya jicho, kwa hiyo jambo la kuangalia zaidi ni kama macho yote mawili yanafanana. Uvimbe ukishakua nyuma ya mboni, mwanga hurudi ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, na jicho humeta jioni kama la paka anayemulikwa na taa. Mama anayemnyonyesha mtoto kwenye mwanga wa kibatari, au ndugu anayempiga picha kwa simu yenye mwako, huwa wa kwanza kuuona weupe huo, na mara nyingi huonekana mtoto akitazama upande mmoja na kupotea akigeuka. Picha moja yenye weupe haitoshi kuwa hukumu, kwa kuwa hata jicho zima huweza kurudisha weupe likipigwa picha kwa pembe fulani, lakini inatosha kabisa kuwa sababu ya kumpeleka mtoto akapimwe.

Dalili inayofuata kwa wingi ni makengeza. Wahenga walisema kwamba ukipenda chongo huona kengeza, wakiwa na maana kwamba mapenzi hulainisha kasoro ya anayependwa. Katika suala hili methali hiyo inageuka kuwa onyo, kwa sababu familia inayompenda mtoto wake hulisifu kengeza lake, hulipa jina la utani, husema ataliacha akikua, ilhali jicho linaweza kuwa limepinda kwa kuwa uvimbe umekwisha kuliondolea uwezo wa kuona. Si kila kengeza ni saratani, na mengi si saratani, ila hakuna njia ya kujua tofauti hiyo bila kulichunguza jicho kwa ndani. Dalili za baadaye ni jicho kuwa jekundu na kuuma kwa muda mrefu, mboni kubadilika rangi, jicho kuvimba, na hatimaye jicho kutoka nje ya tundu lake, hali inayoonyesha kwamba uvimbe umevuka mipaka ya jicho.

Weupe ndani ya mboni unaweza pia kuwa mtoto wa jicho, yaani ukungu katika lenzi, ambao baadhi ya watoto huzaliwa nao. Tofauti ya maradhi haya mawili ni kubwa kwa daktari bingwa lakini haina uzito kwa mzazi wala kwa mhudumu wa zahanati, kwa sababu yote mawili hayavumilii kusubiri: saratani ikicheleweshwa huchukua uhai, na mtoto wa jicho akicheleweshwa huacha ubongo bila mazoezi ya kuona, hata jicho likisafishwa baadaye nuru isirudi kikamilifu.

Mkoa wa Mara una sababu ya pekee ya kutolichukulia kirahisi jicho lililotoka nje. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye saratani ya Burkitt, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Uganda. Hospitali ya Shirati, katika wilaya ambayo sasa ni Rorya, imejulikana kwa miaka mingi kwa kuwatibu watoto wenye saratani hiyo, na kati ya miaka ya 1970 na 1980 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilifanya katika wilaya ya zamani ya Mara Kaskazini utafiti wa kujua kama kupunguza malaria kwa klorokwini kungepunguza pia saratani ya Burkitt. Ugonjwa huo huwapata zaidi watoto wakubwa kidogo, huvimbisha taya kwa kasi ya wiki chache, na huweza kulisukuma jicho nje kutoka nyuma yake huku jicho lenyewe likiwa zima. Hutibiwa kwa dawa bila kuliondoa jicho, na kwa sababu hiyo mtoto mwenye jicho lililotoka anastahili uchunguzi kamili kabla mtu yeyote hajamkatia tamaa au kumfanyia upasuaji usiomhusu.

Vituo vinne vya ucheleweshaji

Uzito wa muda ulipimwa katika utafiti mkubwa uliojumuisha watoto 4,351 kutoka nchi 153, waliogunduliwa mwaka 2017, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Katika nchi tajiri, umri wa kati wa mtoto siku ya kugunduliwa ulikuwa miezi 14.1, na katika nchi maskini miezi 30.5. Katika nchi tajiri watoto 1.5 kwa kila 100 ndio waliofika saratani ikiwa imetoka nje ya jicho, wakati katika nchi maskini walikuwa 49.1. Ufuatiliaji wa watoto hao ulionyesha kwamba baada ya miaka 3, waliokuwa hai katika nchi tajiri walikuwa 99.5 kwa kila 100, na katika nchi maskini 57.3. Tofauti ya miezi 16 hivi katika umri wa kugunduliwa ndiyo inayojitokeza, ikipita kwenye tarakimu hizo, kama makaburi ya watoto.

Kituo cha kwanza ni nyumbani. Mtoto mwenye saratani hii katika hatua za mwanzo ananyonya, anacheza, anaongezeka uzito na hana homa, na kwa kipimo cha kawaida cha kijijini huyo si mgonjwa. Mama anapotaja weupe aliouona, wasioangalia wakati wa jioni hawauoni, na neno lake huonekana wasiwasi wa mzazi. Baba naye huenda yuko kambini ziwani akivua dagaa, na uamuzi wa safari husubiri arudi. Katika kungoja huko, majani yaliyotwangwa au maji ya dawa za asili huwekwa jichoni, ambayo hayafiki kwenye retina lakini huweza kukiunguza kioo cha mbele cha jicho na kuongeza kidonda juu ya ugonjwa.

Kituo cha pili ni zahanati, ambako tiba iliyo karibu na mkono ni mafuta ya tetrasaikilini. Mafuta hayo ni dawa nzuri kwa macho yenye usaha, lakini hayana kazi yoyote kwa weupe ulio ndani ya mboni, na kumpa mtoto tyubu ya mafuta na kumwambia mama arudi baada ya wiki mbili ni kumpa ruhusa ya kungoja kwa kibali cha serikali. Kanuni inayopaswa kubandikwa ukutani ni fupi: weupe ndani ya mboni, kengeza kwa mtoto mdogo, au jicho lililotoka ni barua ya rufaa siku hiyohiyo.

Kituo cha tatu ni ngazi za rufaa zenyewe. Kwa mpangilio wa kawaida, mtoto hutoka zahanati akaenda kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere mjini Musoma, halafu Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, iliyo umbali wa kilomita zipatazo 220 kutoka Musoma, na pengine hatimaye Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000. Ngazi hizo zimewekwa ili magonjwa ya kawaida yasizifurike hospitali kubwa, na kwa malaria au nimonia zinafaa. Kwa ugonjwa ambao ngazi tatu za kwanza hazina kifaa cha kuuthibitisha wala daktari wa kuutibu, kila ngazi inaongeza wiki bila kuongeza maarifa. Sera ya Tanzania inawasamehe watoto walio chini ya miaka 5 gharama za matibabu katika vituo vya umma, lakini msamaha huo haulipi nauli ya basi, chakula cha mama mjini Mwanza, wala mtu wa kubaki na watoto wengine Murangi. Barua ya rufaa inayompeleka mtoto moja kwa moja kwa bingwa wa macho, pamoja na simu ya kumwarifu bingwa huyo kwamba mtoto yuko njiani, hugharimu kidogo kuliko safari tatu zisizo na matokeo.

Kituo cha nne ni chumba cha daktari, pale familia inapoelezwa kwamba jicho linapaswa kuondolewa. Wengi huondoka hapo wakisema wanakwenda kushauriana na wazee, na baadhi hurudi miezi kadhaa baadaye mtoto akiwa hatibiki tena. Hofu yao haistahili kudharauliwa, kwa kuwa chongo ni jina linalomfuata mtu hadi uzeeni, na mzazi anajiona kama anaombwa atie sahihi kilema cha mwanawe. Kinachohitaji kusemwa wazi, kwa lugha ambayo bibi wa mtoto ataielewa, ni mambo matatu: jicho hilo, katika hatua hiyo, aghalabu limekwisha kupoteza nuru na halitarudi kuona, jicho la pili, likiwa zima, linamtosha mtu kusoma, kulima, kuvua na kuendesha chombo, na jicho la bandia likiwekwa vizuri huujaza uso hata mgeni asitambue kwa mara moja. Familia inayokutanishwa na kijana aliyeondolewa jicho utotoni na sasa yuko darasani hushawishika upesi kuliko inayopewa maelezo ya karatasi.

Tiba na matunzo yake

Wazo la kuliondoa jicho ili kuokoa uhai ni la zamani. James Wardrop wa Edinburgh alilitetea mwaka 1809, kabla dawa ya usingizi haijaanza kutumika katika upasuaji, na mwaka 1864 Albrecht von Graefe wa Ujerumani alisisitiza kwamba jicho likatwe pamoja na kipande kirefu cha neva ya macho, kwa kuwa ni kwa kufuata neva hiyo saratani huingia ubongoni. Shauri hilo lingali linafuatwa. Jicho lililoondolewa hupelekwa maabara ya patholojia, mahali ambapo tishu huchunguzwa kwa hadubini, ili ijulikane kama seli za saratani zimefika mwisho wa neva au zimeingia katika tabaka la mishipa ya damu. Zikiwa hazijafika huko, upasuaji peke yake huwatosha watoto wengi wenye ugonjwa katika jicho moja. Tofauti na saratani nyingi, hii haichukuliwi kinyama kwa sindano ili kuithibitisha, kwani tundu la sindano huweza kuzimwaga seli nje ya jicho. Daktari huithibitisha kwa kulitazama jicho mtoto akiwa usingizini kwa dawa, na kwa kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha chembe za chokaa ndani ya uvimbe.

Pale ambapo macho yote mawili yameugua, au saratani inaelekea kutoka, hutumika tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani zinazopitishwa kwenye mshipa, hasa vinkristini, kaboplatini na etoposidi, kwa mizunguko kadhaa ya wiki tatu au nne. Dawa hizo hupunguza uvimbe, kisha mabaki yake huunguzwa kwa leza au kugandishwa kwa baridi kali. Mionzi, ambayo zamani ilitegemewa, sasa hutumiwa kwa tahadhari kubwa kwa watoto waliorithi kasoro ya jeni, kwa sababu huwaongezea hatari ya kupata saratani nyingine, hususan ya mifupa, miaka mingi baadaye.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake kwamba tiba hii haihitaji kungoja utajiri. Katika Hospitali ya Misheni ya Ruharo, Mbarara, magharibi mwa Uganda, ambayo ni hospitali ya mkoani, kuanza kutoa tibakemikali mwaka 2009 kuliinua idadi ya watoto waliopona kutoka takriban 45 hadi 65 kwa kila 100. Nchini Kenya, wataalamu walianzisha mkakati wa taifa wa ugonjwa huu mwaka 2008, na ukaguzi wa macho ukaingizwa katika kijitabu cha kliniki ya mama na mtoto. Nchini Tanzania, wataalamu wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC, Moshi, walichapisha mwaka 2021 utafiti uliowafundisha wahudumu wa kliniki za watoto Kilimanjaro kuangalia mwanga unaorudi kutoka kwenye mboni kwa kutumia Arclight, kifaa kidogo kinachochajiwa kwa jua na kutoshea mfukoni, na kazi hiyo ikaonekana kuwezekana katika vituo vya kawaida.

Matunzo hayaishi mtoto anapotoka wodini. Jicho lililobaki hukaguliwa kila baada ya muda uliopangwa kwa miaka kadhaa, tundu la jicho la bandia hupimwa upya mtoto akikua, na ndugu zake wadogo huchunguzwa tangu wanapozaliwa, kwa kuwa mzazi au mtoto mwenye kasoro ya kurithi huweza kuipitisha kwa nusu ya uzao wake. Familia nyingi huacha mizunguko ya dawa katikati kwa sababu mtoto anaonekana amepona, na nyingine hurudi ugonjwa ukiwa umerejea kwa nguvu. Hiyo ni sababu nyingine ya kila mtoto anayerudishwa Murangi kutoka Bugando kuwa na mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii anayejua tarehe yake ya kurudi na kumkumbusha mama yake.

Kadi ya kliniki kama chombo cha ugunduzi

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa saratani za watoto wenye lengo la kufikisha walau watoto 60 kwa kila 100 wanaopona ifikapo mwaka 2030, na retinoblastoma ni mojawapo ya saratani 6 zilizochaguliwa kuwa kipimo chake. Kwa Musoma Vijijini, Bunda na Butiama, njia fupi ya kulifikia lengo hilo tayari ipo mikononi mwa kila mama, nayo ni kadi ya kliniki. Mtoto wa Tanzania huletwa kwa chanjo anapozaliwa, kisha katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu miezi 9 na miezi 18. Mahudhurio mawili ya mwisho yanaangukia hasa katika kipindi ambacho saratani hii hujitokeza. Kuyamulika macho mawili katika kona yenye giza ya chumba cha chanjo hakuzidi dakika moja, na swali moja kwa mama, kwamba je, amewahi kuona weupe au kengeza katika jicho la mtoto, halihitaji kifaa hata kidogo. Jibu lake linafaa kuandikwa kwenye kadi kama uzito unavyoandikwa, ili kituo kinachofuata kisianze upya.

Mzazi wa Murangi anayeuona weupe katika mboni ya mtoto wake, au kengeza ambalo halikuwapo, na asubuhi akaambiwa na jirani kwamba litaisha lenyewe, ampeleke mtoto kituoni wiki hiyohiyo, aonyeshe picha kama anayo kwenye simu, na asikubali kurudi nyumbani na mafuta ya macho bila barua ya kwenda kwa bingwa. Mhudumu anayempokea amwamini, kwa maana katika ugonjwa huu mama ndiye anayetangulia kuona, na hospitali huanza kazi pale tu maneno yake yanaposikilizwa.